SOMO LA WAFANYAKAZI WA BUSTANI: TUPIME KWANZA, TUPULIZE BAADAYE



Katika somo hili tunazungumza na wenzetu wa Nyakabiga ambao kila asubuhi hupanda Kiriri na Rohero, au huteremka ufukoni mwa ziwa, kwenda kutunza ukoka wa hoteli, ofisi na nyumba za kupangisha. Mpita njia huiona kazi hii kuwa nyepesi. Lakini majani yakigeuka manjano, msimamizi hutoa amri moja tu: "Pigeni dawa!" Haulizi ni mdudu gani, wala ni dawa gani, wala nani atakayeivuta puani.

Sisi wenyewe tumewahi kuitii amri hiyo bila kufikiri. Ilikuwa mwezi wa Julai. Tulipuliza kiwanja kimoja mara mbili kwa sababu ya mabaka makavu. Mwenzetu mmoja, aliyefanya kazi bila glavu, alirudi nyumbani akitapika na kuona kizunguzungu. Baadaye tulichimba, tusione hata buu mmoja. Ukoka ulikuwa na kiu tu. Tangu siku hiyo tumekubaliana kwamba bila mpango, bomba halitoki stoo.

1. TUMJUE MHARIBIFU

Viwavi jeshi hula majani, hasa jioni na usiku. Aina iliyotoka Marekani iligunduliwa Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 ilikuwa imefika Burundi. Inapenda mahindi, lakini hata nyasi inazila.

Mabuu wa mbawakawa ni weupe, wamejikunja kama herufi C. Hukaa udongoni na kula mizizi, hata ukoka ukivutwa unainuka kama mkeka.

Chenene huchimba vijia chini kidogo ya uso wa ardhi. Udongo huvimba, na mizizi hukauka hewani.

Mchwa hukata nyasi, hasa wakati wa ukame.

Kila mmoja ana dawa yake na wakati wake. Dawa iliyobaki juu ya majani haimfikii buu aliye mizizini.

2. TUKAGUE

Changanya vijiko viwili vya sabuni ya maji katika lita 4 za maji, umwagie mahali penye ukubwa wa mita moja ya mraba. Ngoja dakika chache. Viwavi na chenene watapanda juu wenyewe.

Kwa mabuu, kata mraba wa sentimita 30 kila upande, uinue, uhesabu, kisha uurudishe na kuumwagilia maji. Mabuu mmoja au wawili si hatari, kwani ukoka wenye afya huwavumilia. Wakizidi watano, na majani yanakauka, hapo tuna sababu ya kuchukua hatua.

Kagua mahali pasipopungua patano, pakiwemo pembeni mwa baka, kwa maana wadudu huhamia penye chakula. Andika daftarini tarehe, mahali na idadi.

3. TUFUATE MAJIRA

Mvua za kwanza zinaponyesha baada ya kiangazi, mbawakawa hutoka ardhini na kutaga mayai. Wiki chache baadaye mabuu ni wadogo na ni rahisi kuwaua. Wakishanenepa, dawa nyingi hupotea bure. Viwavi nao hula zaidi siku zao za mwisho, kwa hiyo tuwatafute mapema. Tukipuliza, iwe jioni, wakati viwavi wanatoka na nyuki wamerudi mzingani.

Tusisahau kinga isiyo na sumu. Tusikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa majani kwa mara moja, na tumwagilie asubuhi. Ukoka wenye mizizi mirefu husimama hata ukiliwa kidogo.

4. TUFANYE HESABU

Kiwanja cha mita 40 kwa 25 kina mita za mraba 1,000. Kwanza puliza maji matupu katika mita 100 za mraba. Yakitumika lita 6, kiwanja chote kinahitaji lita 60, yaani mabomba manne ya lita 15. Kama lebo inasema mililita 20 kwa bomba, tutahitaji mililita 80 tu. Atakayemimina chupa nzima "ili ishike vizuri" anaongeza gharama kwa mwajiri na sumu kwa mwenzake.

5. TULINDE AFYA NA MAJI

Tuangalie mstari wa rangi kwenye lebo. Kwa kawaida nyekundu ni hatari kubwa kabisa, kisha manjano, kisha buluu, kisha kijani. Dawa isiyo na lebo, au iliyotiwa katika chupa ya soda, tuikatae.

Tusioshe bomba mtoni. Ntahangwa inapita kandokando ya Nyakabiga na kumwaga ziwani Tanganyika. Ziwa hilo ndilo linalotupa ndagala na mukeke, na maji ya bomba ya mji wetu kwa sehemu kubwa hutoka humo humo. Dawa nyingi za wadudu huua samaki hata zikiwa kidogo sana.

Glavu, buti, ovaroli na kinga ya pua si zawadi ya mwajiri. Mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi, ambazo nchi zote wanachama zinapaswa kuziheshimu. Burundi ni mwanachama tangu mwaka 1963.

Ndugu, daftari ndilo ngao yetu. Mtu mmoja akisema "sitaki kupuliza," ataitwa mvivu. Lakini kikosi kizima kikifungua daftari na kusema, "Tumekagua mahali patano, wadudu hawapo, tunaomba maji," msimamizi atalazimika kujibu kwa hoja.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kiwanja chenu, ni nani anayeamua siku ya kupuliza? Anaamua kwa kutazama nini?
2. Bomba lenu linatoa lita ngapi katika mita 100 za mraba? Pimeni pamoja kabla ya mkutano ujao.
3. Maji ya kuoshea bomba mnayamwaga wapi?
4. Ni vifaa gani vya kinga vinavyokosekana? Andikeni orodha, nyote mtie sahihi, mjumbe wenu aipeleke kwa mwajiri.