SOMO: Jiwe la Kusagia Halishikwi Rehani
Kusoma: Ruthu 2, Kumbukumbu la Torati 24:6-15, Nehemia 5:1-13



Somo hili linawahusu hasa wale ambao Mungu amewapa mtaji, hata uwe mdogo: mwenye kibanda cha chumvi na sabuni, mwenye mashine ya kusaga, mama mwenye cherehani mbili na mabinti wanaomshonea, ndugu anayeita vibarua kufyatua matofali. Huenda hujioni kuwa mkubwa. Lakini kama kuna mtu ambaye chakula chake cha jioni kinategemea neno lako, wewe ni kiongozi.

Tumtazame Boazi wa Bethlehemu, mwenye shamba na wavunaji. Ruthu alikuwa mjane, mgeni kutoka Moabu, amefuatana na mama mkwe wake Naomi, ambaye naye alikaa ugenini kama miaka 10 kwa sababu ya njaa. Hali hiyo hatuhitaji kuelezwa. Sheria ilimruhusu maskini na mgeni kuokota masazo (Walawi 19:9-10), kwa hiyo Boazi angemwacha aokote tu, na asingekuwa na kosa. Yeye aliuliza kwanza: huyu ni nani? Wenye mali wengi hawaulizi, maana ukishajua habari za mtu ni vigumu kumtendea vibaya. Akawaonya vijana wasimguse. Ninyi mnaoajiri mabinti, msiruke mstari huo. Akamruhusu kunywa maji ya wafanyakazi, akamketisha kula nao hata akashiba na kubakiza, akaagiza masuke yadondoshwe makusudi mbele yake. Jioni Ruthu alipata kama efa moja ya shayiri, yaani karibu debe moja.

Moyo huo aliutoa wapi? Mathayo 1:5 inasema mama yake alikuwa Rahabu. Alilelewa na mwanamke aliyejua maana ya kupokelewa na taifa lisilo lake.

Tena, Boazi hakugawa shamba. Wenye maduka hutuambia kwamba wakimhurumia kila mtu watafunga, na ni kweli. Wao pia wanadaiwa na wenye magari huko mjini. Kukopesha si dhambi, wala kudai chako si dhambi.

Sasa tufike panapouma. Mtoto anaugua, mgawo haujafika, mama anakwenda kukopa dukani. Mwenye duka anashika kadi yake ya mgawo. Siku ya mgawo anamrudishia, anamsubiri njiani, anachukua unga na maharage, kadi inarudi dukani, na deni linaanza upya. Wengine wanaofanya hivyo huketi viti vya mbele kanisani.

Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kushika rehani jiwe la kusagia, la chini au hata la juu peke yake. Kwa nini jiwe? Kitu kingine kinaweza kukaa kwa mkopeshaji na mdaiwa akaendelea kuishi. Bila jiwe, nyumba ile haili leo. Mungu anahesabu kwamba aliyeshika jiwe ameshika uhai wa mtu. Kwetu sisi jiwe hilo ni kadi.

Endelea mstari wa 10 na 11: mkopeshaji asiingie nyumbani kwa mdaiwa kutwaa rehani. Asimame nje, aletewe. Mungu anamlindia mdaiwa heshima mbele ya mke na watoto. Basi tunasemaje juu ya kusoma daftari la madeni kwa sauti mbele ya wateja? Na kibarua alipwe kabla jua halijazama, awe ndugu au mgeni.

Nehemia alikuta watu wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na watoto wao wanatiwa utumwani. Alikasirika, lakini alikiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wamekopesha. Riba iliyomkasirisha ilikuwa sehemu ya mia. Kwetu wako wanaotoa ndoo moja na kudai mbili! Naye hakuishia kuhubiri: alitaka mashamba yarudishwe siku ileile, akawaapisha mbele ya makuhani.

Kwa hiyo tunaomba kila mwenye kadi za watu azirudishe wiki hii. Deni libaki daftarini, lilipwe kidogo kidogo kwa kiasi watakachopatana mbele ya shemasi. Riba ya ndoo kwa ndoo ifutwe. Huenda mmoja au wawili watakimbia deni. Hasara hiyo tunaijua. Nawe uliyekopa, usome Zaburi 37:21, na uache kupita nyuma ya duka.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:
Mbali na kadi, ni kitu gani kingine hapa kwetu ambacho ni jiwe la kusagia?
Mjane asiye na rehani yoyote akija kukopa, kikundi chetu kinaweza kumdhamini namna gani?