"Ng'ombe Yangu Imepotea": Kosa la Mwanafunzi na Sarufi ya Nyumbani

Malalamiko kwamba Kiswahili kinaharibika yamezagaa kila mahali, na mara nyingi lawama humwangukia mwalimu wa shule ya msingi. Baadhi ya malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, makosa yote hayana asili moja, na mwalimu asiyeyapambanua hawezi kuyatibu.

Tuchukue darasa la Galula, katika bonde la mto Songwe. Hapo hukutana watoto wa Kibungu, wa Kisafwa na wa wafugaji wa Kisukuma. Mtoto anasema, "Ng'ombe yangu imepotea." Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha humkatiza papo hapo, darasa likacheka, na mtoto yule hanyoshi tena mkono juma zima.

Je, mtoto huyo amesema ovyo? Hata kidogo. Katika lugha nyingi za Kibantu za bara, jina la mnyama huchukua viambishi vya ngeli yake, sawasawa na nyumba au ngoma. Mtoto amefuata kanuni, tena kanuni ya kale. Kiswahili ndicho kilichoachana nayo, kikawaingiza viumbe wenye uhai katika upatanisho wa a-wa. Wala hakikuiacha kabisa, kwani twasema "rafiki yangu", "mama yangu", na hata "ng'ombe zangu wamepotea". Mwalimu asiyeyaona mabaki haya hufundisha kwamba kanuni haina mwanya, kisha hukwama mwanafunzi amwulizapo kwa nini rafiki ni "yangu".

Twapendekeza mwalimu aandike ubaoni sentensi mbili: "Nyumba yangu imebomoka" na "Ng'ombe wangu amepotea". Awaulize wanafunzi wangesemaje nyumbani kwao. Wataona wenyewe mahali lugha zinapoachana, na hapo ndipo alete rafiki na mama. Kipindi kimoja chatosha.

Kuchanganya l na r ni shauri jingine, kwa kuwa hupotosha maana: aliyekwenda kutafuta mahali na aliyekwenda kutafuta mahari hawakufunga safari moja. Dawa yake ni mazoezi ya kusikia kwanza, kisha kutamka. Kicheko hakimfundishi mtu matamshi.

Ama "masaa" na "madawa", ambayo huwaudhi mno wapenzi wa lugha, tusiyamalizie nguvu zetu. Mwanafunzi aandike saa na dawa, kama jina la Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya lilivyo. Lakini asemaye "masaa" hajamkosesha mtu maana.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni maandishi ya watu wazima waliomaliza shule: "kwasababu", "yakwangu", "hasante" kwenye matangazo na barua za maombi ya kazi. Hapa hakuna lugha ya mama ya kusingizia. Maneno haya yalipita katika madaftari bila ya kusahihishwa, pengine kwa sababu madaftari yalikuwa mengi mno kwa mwalimu mmoja. Imla fupi kila Ijumaa, wanafunzi wakibadilishana madaftari na kusahihishana, yaweza kuanzishwa juma lijalo bila ya kifaa chochote kipya.