Tansio, usingizi na deni la Bank Lambert

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayetunza nyumba, ukurasa huu kwa kawaida unasema habari ya kofia, buti, vumbi na chandarua. Leo tunasema habari ya deni, kwa sababu linafika kwetu dispanseri kila mwezi, ingawa mgonjwa halitaji.

Mtu anakuja na kichwa kinachouma. Tunapima tansio, iko juu. Vidonge je? Amegawana na mama yake mzazi asiye na pesa ya kununua vyake. Usingizi je? Hapati, usiku kucha anapiga hesabu. Na mtu huyo saa ya kazi ikifika anapanda kamyo kubwa kubeba mawe. Mwenzake anayepita chini hana deni la mtu, lakini yuko katika hatari ileile. Nyumbani nako, mtoto anakula bukari na majani tu, bila maharagwe, bila ndagala. Majuma yanapita, miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi. Hayo tunaita kwashiorkor, na mzizi wake mara nyingi uko katika mshahara ulioliwa kabla haujafika.

Bank Lambert si banki. Ni mtu wa mtaani anayekukopesha bila karatasi nyingi. Ukichukua dola 100, mwisho wa mwezi anataka 150. Unalipa 150, mshahara haufiki popote, kesho yake unarudi kuchukua 100 tena. Tazama vizuri: kila mwezi umemwachia dola 50, na deni halikupungua hata kidogo. Kwa miezi mitano umetoa 250, na bado una 100 yake.

Sasa jaribu hivi. Mwezi wa kwanza lipa 150 yake, lakini usichukue tena 100, chukua 80. Mwezi unaofuata atadai 120. Lipa, chukua 60. Kisha atadai 90; lipa, chukua 40. Kisha 60, lipa, chukua 20. Mwezi wa tano atadai 30. Lipa, usichukue kitu. Mfukoni mwako zimetoka 70, halafu 60, 50, 40, na 30. Jumlisha: ni 250, pesa ileile uliyokuwa ukitoa bure. Tofauti ni kwamba sasa deni limekwisha. Ugumu uko katika miezi miwili ya kwanza, maana unatafuta 20, kisha 10, juu ya ile 50 uliyozoea kupoteza. Mwezi wa nne na wa tano unatoa kidogo kuliko zamani.

Hiyo 20 inatoka wapi? Hapa mama ndiye mwalimu, si mimi. Mume anayeficha karatasi ya mshahara asishangae akikuta mke naye amekopa kwa jirani. Kaeni wawili na kaye ya watoto, andikeni madeni yote, hata lile la duka la kona. Sisemi mtu asiguse chupa. Mimi si padri. Nasema chupa nayo iandikwe.

Wazee wanakumbuka posho ya Union Minière: bunga ilitolewa kwa mfanyakazi na jamaa yake, kwa hiyo hata baba akitumia pesa vibaya, chungu hakikukosa kitu. Leo kwa wengi wetu mshahara wenyewe ndio posho. Basi jifanyie posho. Siku ya mshahara, kabla ya kumlipa mtu yeyote, nunueni bunga, maharagwe, mafuta, chumvi, makala na sabuni za mwezi. Anayenunua bunga kwa meka kila siku, na makala kwa kifuko, analipa zaidi kuliko anayenunua mfuko mzima. Andika tarehe juu ya mfuko wa kilo 25, uone unakaa siku ngapi. Na kama mna mahali pakavu, wekeni mahindi baada ya mavuno, kwa sababu wakati wa mvua, kabla mahindi mapya hayajakomaa, bei inapanda.

Matanga hayana tarehe, na kutoa ni lazima. Hakuna anayetaka kuzikwa peke yake. Lakini wekeni kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili hiyo. Mwezi ukipita bila kilio, msikile.

Likelemba ni nzuri kuliko Bank Lambert, kwa sababha haizai riba. Ingia moja tu, na watu unaowajua kazini. Omba zamu ya mapema, na zamu hiyo ikifika imalize deni lote kwa mara moja, isiwe kikwembe wala redio. Kisha endelea kutoa hadi wa mwisho apate chake.

Kuna wakopeshaji wanaoshika karte ya banki na namba yake ya siri. Usitoe. Kama umekwisha kutoa, siku utakayolipa dola ya mwisho dai karte mbele ya shahidi, na siku hiyohiyo nenda banki ubadilishe namba. Na vidonge vya tansio endelea kumeza kila siku, deni liwepo lisiwepo. Mama mzazi naye mlete apimwe, tujue anahitaji dawa gani.