Mtoto wa Lishe Amefunga Choo: Nifanye Nini?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na nusu. Tangu mwezi uliopita yuko kwenye lishe kituoni, na kila juma tunapewa pakiti za Plumpy'Nut. Kilo zinapanda, namshukuru Mungu. Lakini choo kimefunga. Anakaa siku nne, hata tano, na akienda anatoa vidonge vikavu kama vya mbuzi, analia mpaka majirani wanasikia. Juzi niliona damu kidogo. Muuguzi alisema Plumpy'Nut itangulie chakula kingine chochote. Mama mkwe anasema basi mtoto asipewe kitu kingine kabisa, na kwamba matunda yatamletea minyoo. Maji nampa kidogo tu, naogopa yatamjaza tumbo ashindwe kumaliza pakiti. Baba yake anataka tumpige bomba la majani na pilipili kwa njia ya haja kubwa. Nifanyeje?
Mama, Lusangi

JIBU: Mama, hongera kwa kila juma unalobeba mtoto kwenda kupimwa. Nianze na yale ya haraka.

Bomba la pilipili lisipigwe, hata kama wengi wetu tulipigwa utotoni. Pilipili huunguza utando laini wa utumbo. Tena mtoto aliyekonda hupoteza maji na chumvi za mwili upesi kuliko mtoto mwenye afya, na kuharisha kwa usiku mmoja kunaweza kumrudisha nyuma majuma kadhaa, au hata kuhatarisha maisha yake. Usimtie kipande cha sabuni wala kumnywesha mafuta ya nyonyo. Na Plumpy'Nut usiikatishe: hiyo ni dawa na chakula kwa pamoja, na kilo zinazopanda ni ushahidi kwamba inafanya kazi.

Sasa tazama maji, maana nadhani tatizo kubwa liko hapo. Pakiti moja ya gramu 92 ina kilokalori 500 hivi, zinazotoka kwenye karanga, maziwa ya unga, mafuta na sukari, na imeongezwa vitamini na madini. Maji ndani yake karibu hakuna. Ndiyo sababu hukaa miezi mingi bila kuharibika, na ndiyo sababu utaratibu wa lishe unaagiza mtoto apewe maji safi kila anapoila. Asipokunywa, mwili hujitafutia maji kwenye utumbo mpana na kuacha kinyesi kikavu. Kwa hiyo usimnyime maji kwa ajili ya pakiti. Mpe pakiti kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na kila akilamba kidogo apate mafunda machache ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Mtoto wa umri wake anahitaji lita moja na zaidi kidogo kwa siku, ukijumlisha maji, uji, supu na maziwa. Kama bado ananyonya, aanze na ziwa, halafu pakiti. Ukienda naye shambani, chukua chupa yake ya maji, na umkumbushe kunywa bila kungoja aombe.

Kuhusu chakula, muuguzi alikuambia Plumpy'Nut iwe ya kwanza. Mtoto akishamaliza sehemu yake na bado ana hamu, chakula cha nyumbani kinaruhusiwa, na kadiri anavyopona kinatakiwa kuongezeka, kwa sababu siku moja pakiti zitaisha na atabaki na sufuria ya nyumbani. Muulize muuguzi juma hili aanze na kiasi gani.

Kwa choo chake, chagua vyakula vyenye nyuzinyuzi, zile sehemu za mmea ambazo tumbo halizimeng'enyi. Zinapita hadi chini zikiwa zimeshika maji, na kinyesi kinabaki laini. Parachichi ni zuri sana kwake: gramu 100 zina karibu gramu 7 za nyuzinyuzi, pamoja na mafuta yanayompa nguvu. Wali mweupe uliopikwa, kiasi hicho hicho, haufiki hata gramu 1, na bukari la muhogo peke yake halisaidii sana. Kwa hiyo mpondee parachichi, papai bivu au embe bivu. Mpe maharage yaliyoiva mpaka yakapondeka, sombe iliyopikwa muda mrefu, au lengalenga lenye mafuta kidogo ya mawese. Ndizi iwe imeiva vizuri, maana ile changa inaweza kufunga zaidi. Anza na vijiko viwili au vitatu, kwa sababu tumbo lake bado ni dogo na mboga nyingi zitamshibisha kabla hajapata nguvu anazohitaji.

Mama mkwe ana sehemu ya haki, nawe mwambie hivyo kwa heshima. Minyoo ya tumbo huingia kwa mayai yake yaliyo kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi. Embe lililoanguka chini likaliwa bila kuoshwa linaweza kuyabeba, na mikono michafu vilevile. Osha tunda kwa maji safi, menya, nawa mikono yako na ya mtoto kwa sabuni, na hofu ya mama mkwe itakuwa imepata jibu. Dawa ya minyoo nayo imo katika matibabu ya lishe kwa watoto wa umri wa mwanao. Uliza kama ameshaipata.

Nije kwenye maumivu, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa huu unapoota mizizi. Mtazame vizuri haja inapomjia. Je, anasimama kwa ncha za vidole, anakaza miguu, anakunja uso na kujificha nyuma ya mlango? Wazazi wengi hudhani anasukuma. Mara nyingi anazuia. Alipata kuumia mara moja, na sasa anaogopa. Kila siku anayozuia, kinyesi kinazidi kukauka na kuwa kikubwa, na kikija kutoka kinamchana. Ile damu nyekundu uliyoiona, kama ni michirizi midogo juu ya kinyesi, huenda inatoka kwenye mchubuko wa namna hiyo. Mkalishe kwenye beseni la maji ya vuguvugu kwa dakika chache, mkaushe taratibu, kisha mpake vazelini kidogo kwa nje.

Halafu mpe saa ya choo. Baada ya kula, utumbo huamka wenyewe, kwa hiyo mkalishe kwenye poti dakika tano asubuhi na tano jioni, baada ya chakula, miguu ikiwa imekanyaga chini imara. Shimo la choo cha wakubwa humtisha mtoto wa umri huu, usimlazimishe. Kaa naye, mwimbie. Akipata, msifu. Akikosa, mwinue bila maneno. Asipigwe wala kuaibishwa kwa nguo iliyochafuka, maana kinyesi laini kinaweza kupenya pembeni ya kile kilichoganda na kumtoka bila yeye kujua. Hali hiyo wengine huiita kuharisha, wakampa dawa ya kufunga, na tatizo likazidi.

Kama choo kimeganda kwa majuma, maji na papai vinaweza visitoshe. Zipo dawa za kulainisha choo zinazofaa watoto, hasa makrogoli na laktulosi. Hupimwa kwa kilo za mtoto, na kwa mtoto aliye kwenye lishe ni muuguzi au daktari ndiye anayeamua, kamwe si muuza dawa wa sokoni. Ukipewa, usiache siku choo kinapolainika. Matibabu huendelea mara nyingi kwa miezi miwili au zaidi, kisha hupunguzwa polepole, mpaka mtoto asahau kwamba choo kinauma. Wala usimwongezee sirapu ya madini ya chuma bila kuuliza, kwa sababu Plumpy'Nut tayari ina chuma, na chuma cha ziada kinaweza kufunga choo.

Usingoje siku ya lishe ukiona mojawapo ya haya: tumbo limevimba na kuwa gumu, anatapika, hasa matapishi ya kijani au yenye minyoo, ana homa, amekataa pakiti, miguu imevimba au imelegea, damu ni nyingi au imechanganyika na kinyesi, au kilo zimeanza kushuka. Minyoo mingi inaweza kujifunga fundo na kuziba utumbo, na hilo ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile mwambie muuguzi kama choo kilimsumbua tangu siku zake za kwanza duniani, kwani mtoto mchanga hupata choo chake cha kwanza ndani ya saa 48, na aliyechelewa anahitaji kuchunguzwa.

Najua wengine huona haya kupeleka habari ya choo kituoni. Wewe usione. Upande wenu huu una historia yake: tangu mwaka 1971, mradi wa Kasongo, uliofanywa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ulijenga vituo vya afya karibu na watu, muuguzi akiwa mlangoni na hospitali nyuma yake kwa yanayomzidi. Leo Lusangi ina zoni yake ya afya. Swali lako ni la kituo hasa.

Siku ya kupimwa, mwende pamoja na baba yake, na mama mkwe akiweza. Mwambie muuguzi mambo manne: mtoto amekaa siku ngapi bila choo, kinyesi kikoje, damu ilionekana vipi, na anakunywa vikombe vingapi kwa siku. Kisha mwombe awaeleze wote watatu, mkiwa mmekaa pamoja, mtoto ale nini baada ya pakiti yake.