Dawa ya Kuzuia Madoa: Je, Inafaa kwa Ukuta wa Matumbawe?



Yeyote anayekaa nyumba ya mawe hapa Lamu anayajua madoa. Barazani kuna mate ya tambuu, dakani kuna mafuta ya nazi ya vichwa vya wageni walioegemea, na jikoni moshi umechora unavyotaka. Ndiyo maana wengi wanatuuliza habari za zile dawa za bei ghali ambazo, wanaambiwa dukani, ukishapaka ukutani doa halishiki tena. Je, ni kweli? Ndiyo, ni kweli. Lakini juu ya kitu gani? Hapo ndipo somo letu lilipo.

Hebu tufanye jaribio dogo. Chukua jani la magimbi, lidondoshee maji. Yanajikusanya kama shanga na kuteremka. Sasa lidondoshee mafuta ya nazi. Kumbe! Mafuta yanatambaa na kulilowesha jani lote. Sababu ni hii: kila kimiminika kina nguvu ya kujivuta pamoja, na nguvu hiyo hupimwa. Ya maji ni kama milinewtoni 72 kwa mita. Ya mafuta ya kupikia ni kama 32 tu. Nta iliyo juu ya jani ina mvuto mdogo, haiwezi kuyashinda maji, ila mafuta inayaweza. Dawa za kawaida za silikoni ziko vivyo hivyo: mvua zinazuia, mafuta yanapita.

Inayozuia yote mawili ni florini. Mwaka 1938 huko Marekani, Roy Plunkett, mkemia wa kampuni ya DuPont, alikuta kwa bahati tu unga mweupe wa kaboni na florini ambao baadaye uliitwa Teflon, huo huo wa sufuria zisizogandisha chakula. Kipimo chake ni kama 18, chini ya maji na chini ya mafuta pia. Kaboni na florini zimeshikana mno, hata hazina haja ya jirani.

Sasa fikirini: kitu kisichoshikana na chochote kitashikaje ukutani? Watengenezaji walitatua jambo hili kwa kuiunda dawa kama mti. Mizizi inashika jiwe, majani ya florini yanatazama nje. Mizizi hiyo mara nyingi ni ya silikoni, nayo hushika barabara kwenye kioo, vigae, matofali ya udongo na mawe yenye asili ya mchanga, kwa kuwa vitu hivyo vina mikono ya kuipokea. Jiwe letu la matumbawe si la ukoo huo. Ni kalsiamu kaboneti, ndugu wa chokaa, na mikono hiyo ni haba. Basi dawa iliyosifiwa kwenye kigae inaweza kushika kwa shida kwenye matumbawe.

Hilo ni dogo. Kubwa ni chumvi. Nyumba za mji wa kale, mji ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hii unapumua. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukibeba chumvi, hufika usoni mwa ukuta, maji yakakauka, chumvi ikabaki juu. Lipu ya chokaa inapukutika kidogo kidogo, fundi anakwangua na kupaka nyingine. Ndiyo kazi ya chokaa, kuumia badala ya jiwe. Ukipaka dawa ya kufukuza maji, mvuke huenda ukapita, lakini maji yenyewe hayafiki tena usoni. Yanakauka nyuma ya dawa, na chumvi inaganda humo ndani, inavimba, inasukuma. Siku moja ganda zima linabanduka pamoja na uso wa jiwe. Saruji na rangi ya plastiki huleta balaa linalofanana na hilo. Halafu, na hili wauzaji hawalitaji, ukuta uliokwisha kufukuza maji unafukuza na chokaa mpya. Fundi atapaka, isishike.

Kuna na jambo la maji ya kunywa. Minyororo ya zamani ya dawa hizi ilikuwa na kaboni nane, na masalia yake hayaozi, yanakaa ardhini na mwilini. Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya ni mwanachama, uliiwekea mipaka PFOS mwaka 2009 na kuingiza PFOA mwaka 2019. Watengenezaji wakahamia kaboni sita. Hizo nazo haziozi. Kwa sisi ambao visiwani tunakinga mvua kwenye jabia na birika, dawa hii isiguse dari wala sakafu inayopeleka maji huko. Hapo hatuna mjadala.

Kama umeshainunua, itumie kwenye viungo vya vigae vya jikoni, mahali pakavu pasipopata unyevu wa ardhi. Ukutani, kwangua saruji, ziba bomba linalovuja, paka chokaa. Pale vichwa vinapoegemea, tundika mkeka. Ni rahisi, na mkeka unafuliwa.

Maswali ya kujadiliana kikundini: Katika nyumba yako, unyevu unaanzia wapi, juu au chini? Fundi wenu wa mwisho alipaka chokaa au saruji, na ukuta uko vipi leo? Maji ya jabia lenu yanapita juu ya nini kabla hayajaingia?