Namna ya kuhesabu protoni, neutroni na elektroni

Wadogo zetu wapendwa,

Sisi wa mwaka wa mwisho tunapoangalia madaftari yenu saa ya masomo ya jioni, tunaona pointi zinapotea mahali pamoja: kwenye hesabu ya atomu. Lakini hesabu yenyewe ni kutoa na kujumlisha tu, kitu mulichojifunza tangu shule ya msingi. Shida ni kujua kila namba inasema nini. Siku ya mtihani wa Serikali hakuna wa kuwanong'oneza. Basi tujifunze sasa, na tutumie madini ya inchi yetu.

1. Kanuni

Atomu iko na kiini katikati. Ndani ya kiini kuna protoni, zenye umeme wa alama +, na neutroni, zisizo na umeme. Inje ya kiini kuna elektroni, zenye umeme wa alama –.

Namba Z ni hesabu ya protoni. Namba A ni protoni na neutroni pamoja. Kwa hiyo:

Protoni = Z
Neutroni = A – Z
Elektroni = Z (kama atomu haina umeme)

Mfano: kobalti, Z = 27, A = 59. Protoni ni 27, neutroni ni 59 – 27 = 32, elektroni ni 27. Imekwisha.

2. Mtego wa kwanza: namba yenye koma

Kwenye tabulo ya elementi, shaba (Z = 29) imeandikiwa 63,55. Mwanafunzi anatoa mbio mbio: 63,55 – 29 = 34,55. Ee ndugu, neutroni inakatwa vipande kama muhogo? Ile 63,55 siyo A, ni wastani. Kwa atomu 100 za shaba ya asili, karibu 69 ziko na A = 63, na karibu 31 ziko na A = 65. Za kwanza ziko na neutroni 34, za pili 36. Zote ni shaba, kwani zote ziko na protoni 29. Ndizo tunaita isotopi. Kama jibu lako la neutroni liko na koma, ujue umepotea njia.

3. Mtego wa pili: ioni

Ioni Cu²⁺: wengi wakiona +2 wanaongeza elektroni mbili. Hapana! Elektroni ni za alama –. Mbili zikitoka, ndipo + inazidi. Basi 29 – 2 = 27.

Sasa mutuambie: elektroni 27 ni sawa na za kobalti. Je, shaba imegeuka kobalti? Hata kidogo. Protoni zake zingali 29, na protoni ndizo zinatoa jina. Kwenye viwanda vya Katanga vinavyosafisha shaba kwa umeme, ioni Cu²⁺ inapokea elektroni mbili na kurudi kuwa shaba ya chuma. Elektroni zinaenda na kurudi, protoni hazihami.

4. Neutroni siyo kitu cha bure

Wengine wanasema: neutroni haina umeme, basi ina faida gani? Tuangalie uranium, Z = 92. Kwa A = 238, neutroni ni 146. Kwa A = 235, ni 143. Tofauti ni tatu tu, na kwa atomu 1000 za asili karibu 7 tu ndizo za 235. Lakini ni hiyo 235 iliyotumiwa kwa bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, na sehemu kubwa ya uranium ya kazi ile ya Wamarekani ilitoka Shinkolobwe, hapa kwetu Katanga. Makumi ya maelfu ya watu walikufa.

Na kobalti ikiongezewa neutroni moja, inakuwa kobalti 60: miali yake hutumiwa kutibu kansa. Neutroni moja, neutroni tatu: muhesabu vizuri.

5. Zoezi

a) Zinki: Z = 30, A = 64
b) Ioni S²⁻: Z = 16, A = 32
c) Ioni Al³⁺: Z = 13, A = 27

Majibu (protoni, neutroni, elektroni): a) 30, 34, 30, b) 16, 16, 18, c) 13, 14, 10. Mufunike kwanza na mkono, ndipo mufanye!

Mwenye kukwama atukute kwenye darasa letu kisha masomo. Kuuliza siyo haya. Kazi njema.