Viti vya babu vilitoka wapi?

SWALI: Marehemu babu alituachia viti vinne vya mbao. Wazee hapa Kakamega husema vilitoka misheni. Nitajuaje ukweli?

JIBU: Kipindue kimoja juani, miguu juu. Chini ya kikalio vanishi haifiki sana, na huko ndiko habari hubaki. Tafuta herufi zilizogongwa au kuchomwa. P.W.D. ilikuwa idara ya ujenzi ya serikali ya mkoloni, E.A.R.&H. ni Reli na Bandari za Afrika Mashariki, shirika lililoanza 1948. Ukiziona, hadithi ya misheni ina walakini, ingawa viti vya serikali viliuzwa na kuhama.

Kama hakuna herufi, tazama skrubu. Zenye alama ya msalaba kichwani ziliingia sokoni miaka ya 1930, basi kiti kilichoungwa nazo tangu mwanzo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Chunguza kwanza kama ni za ukarabati: tundu la zamani lililozibwa kando yake litakuambia.

Aina ya mbao isikupumbaze. Mvule ulipasuliwa kila mahali.

Hata hivyo, wazee wasipuuzwe. Misheni ya Quaker ilifunguliwa Kaimosi 1902, ikapasua mbao na kufundisha useremala. Waulize: babu alisoma huko? Alifanya kazi kwa nani? Rekodi nyingi za Quaker zimehifadhiwa Chuo cha Earlham, Indiana, Marekani. Za utawala wa wilaya ziko Nyaraka za Taifa, Nairobi.

Tafadhali, usivipige msasa kabla ya kupiga picha kila alama.